Daftari la Ahadi

Jogoo alikuwa mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, na kufika saa saba mchana alikuwa ameshauzwa mara nne. Mnunuzi wa kwanza, mwalimu mstaafu, alitoa elfu ishirini, akampima kwa mkono kidogo, kisha akasema, "Namrudisha, anadiwe tena." Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu walikuwa vijana wa bodaboda waliochangishana pale pale chini ya mparachichi. Wa nne, mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alimkabidhi Baba Paroko awe kitoweo chake. Paroko akamtazama jogoo, akatutazama sisi, akaona haya kuondoka na kuku wa nyumba ambayo haijajengwa, naye akamrudisha mezani. Mnadi alikuwa katekista wetu, mtu ambaye Jumapili nyingine zote husoma matangazo kwa sauti ya kuombea marehemu. Siku hiyo sauti yake ilifika barabara kuu. Nilipofunga hesabu, jogoo wa kilo mbili alikuwa ameingiza laki moja na elfu kumi, na bado alikuwa hai.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Nilikaa pembeni ya meza na kaunta buku mbili: moja nimeandika TASLIMU kwa kalamu ya wino mzito, nyingine AHADI. Daftari la taslimu lilijaa kurasa mbili na kitu. La ahadi lilinichosha mkono.

Harambee ile ilikuwa ya nyumba ya mapadre. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa kigango tu, huku nyanda za juu kusini, padre akija mara mbili kwa mwezi kwa pikipiki, na wakati wa masika mara moja au asije kabisa. Tulipoomba kuwa parokia, jibu la jimbo lilikuwa fupi na la haki: padre atalala wapi? Basi tukachora ramani, fundi akaandika makadirio, kila jumuiya ikapangiwa kuchoma tanuri moja la matofali, tukamtafuta mgeni rasmi. Nilichojifunza katika miaka minne iliyofuata ni kwamba makadirio yale yalikuwa sahihi karibu kila mahali. Fundi alijua bei ya nondo, alijua idadi ya mabati. Kilichokosewa ni mstari mmoja tu, ule wa juu kabisa, ulioandikwa "Fedha zilizopatikana", kwa sababu ndani yake tulijumlisha madaftari yote mawili.

Ahadi ya harambee si uongo, na anayeiita uongo hajawahi kusimama mbele ya kipaza sauti huku mkwe wake akimtazama. Ni lugha ya heshima. Ina fomula yake ambayo kila Mtanzania anaijua: "Mimi, familia yangu na rafiki zangu tunachangia…" Hao rafiki ndio walionimaliza. Ukienda kudai baada ya mavuno, mwenye jina atakupa sehemu yake bila kinyongo, tena na chai atakupa, lakini sehemu ya rafiki zake hana mamlaka nayo, na wewe huwajui. Wengine waliahidi kwa kutegemea kahawa, bei ikaanguka. Wengine walihamishwa kikazi. Mmoja alifariki, na mjane wake akaniuliza kwa upole kama deni hilo linarithiwa. Nilimwambia hapana, nikalikata jina, kisha nikakaa na kalamu mkononi muda mrefu, kwa maana sikuwa na hakika kama katibu ana ruhusa ya kusamehe.

Mgeni rasmi, kinyume na tulivyotarajia, alitimiza. Aliahidi mifuko hamsini ya saruji, na kabla wiki haijaisha lori likasimama mbele ya kanisa. Tulipiga vigelegele. Lakini msingi ulikuwa haujachimbwa wote, mawe hayajafika, na hela ya ufundi hatukuwa nayo, kwa sababu hakuna anayesimama kwenye harambee akaahidi hela ya ufundi. Saruji tukaipanga sakristia, karibu na kabati la mavazi ya misa. Fundi alitutahadharisha kwamba saruji si mahindi. Ikipita miezi mitatu kwenye unyevu wa huku kwetu, uikague kabla ya kuitumia. Ikakaa mitano. Tulipofungua, mifuko ya chini ilikuwa mawe yenye umbo la mfuko. Mpaka leo yapo matatu nyuma ya kanisa. Watoto wa mafundisho hukalia wakisubiri zamu ya kuungama.

Kwa hiyo ahadi iliyovunjwa ilitukwamisha, na ahadi iliyotimizwa ikatutia hasara. Kuta zikafika lenta, zikasimama. Mvua za msimu wa kwanza zikaosha udongo wa kujengea kwenye kozi za juu. Za pili zikaotesha majani sebuleni kwa Paroko mtarajiwa. Tukawa tumejiunga na orodha ndefu ya nchi hii, orodha ya maboma: zahanati, madarasa, nyumba za walimu, zote zilizoanza kwa nguvu za wananchi na kusubiri mtu wa kumalizia.

Tukafanya kile ambacho wazee wetu wangefanya: tukaandika barua ili jimbo lituombee msaada kwa wafadhili. Hapa pana historia ambayo haisemwi kwa sauti lakini inakaa kichwani mwa kila mjumbe wa kamati ya ujenzi kusini mwa Tanzania. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, Ndanda mwaka 1906. Walikuja na mabruda mafundi: waashi, maseremala, wahunzi. Wakafungua karakana, wakajenga makanisa ambayo ukiingia mpaka leo unashusha sauti bila kuambiwa. Babu zetu walibeba mawe na kufyatua matofali, jasho lao lipo ndani ya kuta zile, lakini ramani, chuma na fedha vilitoka Ulaya. Mtoto aliyekua akiliona jengo kama lile alijifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba kanisa ni kitu kinachotoka mbali kikiwa kimekamilika.

Na huko mbali fedha zilipatikanaje? Jibu lilinishangaza nilipolisoma. Karne mbili zilizopita, mjini Lyon, msichana mmoja wa Kifaransa aitwaye Pauline Jaricot alianzisha utaratibu miongoni mwa wafanyakazi wa hariri. Kila mtu atoe sou moja kwa wiki, senti ya mtu wa chini kabisa. Watu kumi wawe na kiongozi wao anayekusanya, viongozi kumi wawe na kiongozi wao, na kuendelea. Kutokana na kumi kumi hizo likazaliwa, mwaka 1822, Shirika la Uenezaji wa Imani, ambalo sou zake zililisha misheni katika mabara yote. Jaricot alitangazwa Mwenyeheri hapo hapo Lyon tarehe 22 Mei 2022. Yaani zile fedha tulizozidhania za matajiri, nyingi zilikuwa za wafumaji, watumishi wa ndani na wajane, zilizohesabiwa kila wiki na mtu anayewafahamu kwa majina.

Kisima hicho cha Ulaya kwa sasa kinapungua maji. Ujerumani, ambako misaada mingi ya majimbo yetu imekuwa ikitoka, waamini wengi hulipa kodi ya kanisa inayokatwa pamoja na kodi ya mapato, kiasi cha asilimia 8 au 9 ya kodi hiyo kulingana na mkoa. Anayetaka kuacha kulipa hujiandikisha rasmi kwamba ametoka kanisani. Mwaka 2022 Wakatoliki zaidi ya 520,000 walitoka kwa njia hiyo. Barua yetu ilijibiwa kwa adabu: foleni ni ndefu, anzeni wenyewe, tuleteeni picha na risiti za mchango wa wenyeji. Baadhi ya wajumbe walikasirika. Mimi sikukasirika, ingawa nilitamani mtu atuambie hivyo kabla hatujachimba msingi wa vyumba sita.

Mfumo wa kumi kumi, kumbe, tulikuwa nao mlangoni. Mwaka 1976 maaskofu wa ukanda huu, kupitia umoja wao, AMECEA, walikubaliana kuwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha uchungaji. Hazikuundwa kuwa mifereji ya fedha. Ziliundwa ili majirani wasali pamoja, wasome Injili, watembelee wagonjwa. Lakini mtu akitaka kujua nani katika kitongoji ana njaa na nani ameuza ng'ombe, haendi kwa mhasibu wa jimbo, anakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya. Ndiyo maana bahasha za zaka, mchango wa kutegemeza jimbo, mchango wa seminari na wa kipaimara vyote vinapita humo. Ndiyo maana pia watu wengine wamezichoka. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, zamani tulikuwa tukisali kisha tunachanga. Siku hizi tunachanga, na muda ukibaki, tunasali."

Nitasema na hili, ingawa linauma. Ipo desturi, haipo kila mahali lakini ipo, ya kuangalia kadi ya zaka kwanza mtu anapofiwa. Nimewahi kukaa msibani, jeneza lipo ndani, huku kaka mkubwa wa marehemu akihesabiwa miezi. Alilipa. Alilipia miezi kumi na minne kwa fedha za rambirambi, katekista akaandikiwa ruhusa, misa ikasomwa. Sheria ya Kanisa haiendi huko. Kanuni ya 848 inasema mwenye shida asikose sakramenti kwa ajili ya umaskini wake, na ya 1181 inaonya kuhusu maziko kwamba kusiwe na upendeleo wala maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Najua utetezi: tusipobana, hawatoi. Labda. Lakini niliiona jumuiya ile mwaka mzima baada ya mazishi yale. Kadi zililipwa vizuri, watu wakaacha kuja kwenye sala.

Mavuno ni habari nyingine, na ndiko nilikocheka zaidi. Kwa wakulima, sadaka ya kweli ni gunia, na Jumapili ya mavuno kanisa hunukia mahindi mapya, maharage na ndizi. Tatizo ni kwamba kila mtu anavuna siku moja, na siku hiyo bei iko chini. Mjumbe mmoja mwenye akili ya biashara akashauri tusiuze; tuhifadhi kwenye darasa la mafundisho mpaka Januari, bei ipande, nyumba ipate paa. Wazo zuri kwenye karatasi. Hatukununua dawa ya kutosha, kwa kuwa dawa nayo, kama hela ya ufundi, haina mtu wa kuiahidi. Wakaingia dumuzi, wadudu ambao nchini walionekana kwanza Tabora miaka ya mwanzo ya themanini na ambao wakulima waliwabatiza jina la lori, Scania. Januari tulipofungua magunia, unga ulikuwa unamwagika wenyewe bila kwenda mashineni. Bei, kwa kweli, ilikuwa imepanda.

Simu tulidhani zitatuokoa. Zilisaidia: waliohamia Dar es Salaam na Mbeya walianza kutuma, na yule wa "rafiki zangu" akakosa kisingizio. Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, na ingawa ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo, watu walikuwa wameshajifunza kusema, "Nitakuja nayo mkononi." Mkononi ikawa na safari ndefu.

Kuna wakati nilijiuliza kama si bora harambee zifutwe kabisa. Wenzetu wa Kenya, waliotupa hilo neno, wameshafika kwenye ukingo huo. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alisali katika kanisa la Soweto, Kayole, Nairobi. Aliwapa kwaya na baraza la utume wa watoto shilingi za Kenya 600,000, akatoa milioni 2 za kujengea nyumba ya paroko, akaahidi milioni 3 nyingine. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha zirudishwe, akisema Kanisa halipaswi kuwa jukwaa la kisiasa. Siku chache kabla yake maaskofu walikuwa wameikosoa serikali waziwazi, na sadaka nono baada ya lawama ina ladha yake. Nilipoisoma habari ile niliona fahari, kisha nikawafikiria wanakamati wa nyumba ya paroko wa Soweto. Nyumba ya paroko! Bila shaka miongoni mwao kulikuwa na katibu mwenye madaftari mawili, na Jumatatu ile alikata mstari mkubwa kuliko wowote nilioukata mimi.

Hata hivyo sikushawishika kwamba ifutwe. Jogoo yule mwekundu hakuleta laki na elfu kumi tu. Alimfanya mwalimu mstaafu na vijana wa bodaboda, ambao hawasalimiani kwa sababu ya kelele za pikipiki, wacheke meza moja. Nilichopendekeza kamati ni kitu kidogo: harambee iendelee kuwa sikukuu, lakini ahadi isihesabiwe kuwa fedha mpaka ihamie daftari la taslimu. Msingi uchimbwe kwa taslimu. Vyumba sita viwe vitatu. Waliokuwepo wanakumbuka nilivyozomewa. Mmoja alisema nina imani haba.

Kilichotuamsha hakikuwa pendekezo langu. Ilikuwa aibu. Mwaka wa tatu, mfuko wa nyumba "uliazimwa" kidogo kwa ajili ya chakula cha sikukuu ya kipaimara. Kila aliyeshiriki kuazima alikuwa na nia njema, nami nilikuwemo. Mgeni lazima ale. Lakini kanuni ya 1267 haina mzaha: kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Habari zikatoka, kama zinavyotoka, zikianzia kisimani. Miezi miwili bahasha zikarudi tupu, zimefungwa vizuri kwa gundi, majina yameandikwa kwa mwandiko mzuri. Sijawahi kuona mgomo wenye adabu kama ule.

Mhazini akajiuzulu, na nafasi yake ikachukuliwa na mama anayeuza dagaa na mafuta ya kula sokoni. Hakusoma uhasibu, lakini ana tabia ya watu wa soko: hela ya dagaa haikai mfuko mmoja na hela ya mafuta. Mwezi wa kwanza alibandika karatasi kwenye mlango wa kanisa, mapato upande huu, matumizi upande ule, kila jumuiya na kiasi chake. Mjumbe mmoja akalalamika kwamba tunaanika mambo ya ndani. Paroko yule mtarajiwa (alikuwa ameshahamia, amepanga chumba kwa mwenyekiti wa kigango) akafungua kitabu chake akatusomea kanuni ya 1287, kwamba wasimamizi watoe hesabu kwa waamini kuhusu mali waliyoitoa. Mama wa dagaa akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani hilo nalo liliandikwa?"

Nyumba iliezekwa mwaka wa nne. Mabati yalinunuliwa kidogo kidogo, kwa mafungu ya jumuiya. Jumuiya ile iliyobanwa sana kuhusu kadi za zaka ndiyo ilikuwa ya mwisho kuleta, na ilileta yote. Kutoka daftari la ahadi, nilipofunga, karibu nusu ilikuwa imelipwa, na hiyo kwa harambee si haba. Padre anaishi vyumba vitatu. Vyumba vitatu vingine ni msingi uliofunikwa na maboga ya mpishi.

Sasa tumeanza mlima ambao harambee hazijui njia yake. Nyumba ina Luku, na sijawahi kusikia mtu akisimama mbele ya kipaza sauti kusema, "Mimi, familia yangu na rafiki zangu tunachangia umeme wa miezi sita." Katekista, yule mnadi, posho yake imechelewa tangu Pasaka. Pikipiki ya Padre inataka matairi. Jimbo linataka bajeti ya mwaka ujao, na katika fomu yao kuna mstari wa "miradi" wenye nafasi kubwa na mstari wa "uendeshaji" wenye nafasi ya vidole viwili. Mama wa dagaa aliandika mpaka pembeni ya karatasi.

Jumapili iliyopita alisoma hesabu za mwezi baada ya komunyo, kama kawaida, mpaka vipande vya mia tano. Kijana mmoja akainuka nyuma. Akasema, "Mama, naona kufuli ya mlango wa sakristia imenunuliwa mara mbili mwezi huu, elfu sita na elfu sita." Kanisa likanyamaza. Mama akaweka karatasi chini, akafungua mkoba wake wa sokoni, akapapasa chini ya kanga, akatoa kufuli iliyovunjika ulimi, akaiweka juu ya meza ya sadaka ili wote waione. Kisha akachukua karatasi tena, akageuza ukurasa wa pili.